Sauti Nyuma ya Majora

Harufu ya kitenge kipya inanivuruga mpaka leo. Wenzangu wakipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wanatazama rangi na kuulizia bei. Mimi pua inatangulia, na kabla sijajua nimesimama katikati ya njia, mwenye toroli ananipigia kelele nimpishe. Ni harufu ya wanga, rangi na karatasi ya nailoni, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende ambavyo mama yangu alivimwaga kila kona ya stoo yake. Juzi mama alinipigia simu akasema nyumba inavunjwa, linapanda ghorofa refu kama kwa majirani, niende nikamsaidie kutoa mzigo. Nilipofungua mlango wa stoo, harufu ile ikanivaa mwili mzima, na mimi mtu mzima mwenye watoto nikakaa juu ya jora la kitenge nikalia. Mama alinitazama akasema, "Kazi haijaanza, umeshachoka?"

Nyie wa rika langu mliokulia mjini mnaukumbuka wakati wa CD za kuchoma, zile zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito na kuuzwa mkononi kama karanga. Wengi mlikuwa mnasikiliza nyimbo za redioni. Sisi wa Kariakoo tulikuwa na za kwetu, na kundi langu mimi, mpaka naingia kaburini, ni kundi lililoitwa Stoo. Halikuwa na meneja wala bango. Jina lilikuwa sahihi kabisa, maana walirekodia kwenye stoo ya mama.

Mchanaji wao mkuu, yule wa kurap, alikuwa mdogo wake mama, Mjomba Seif, aliyeletwa kutoka Lindi amsaidie dukani. Mtaani walimwita Sefu Majora. Aliyemtengenezea biti, ile midundo ya kuchania, alikuwa Dada Hansa, binti wa wenye nyumba, Wahindi waliokaa juu yetu kwenye ghorofa ile moja yenye roshani ya mbao. Bibi yake alikuwa anasali asubuhi kwa kengele ndogo na udi, na Dada Hansa alikuwa anainasa kengele ile na kuiweka kwenye biti bila kumwambia bibi. Kompyuta ilikuwa chumbani kwake. Waya wa maiki ulipita dirishani, ukashuka ukutani, ukaingia stoo kupitia tundu la hewa, hivyo Mjomba alichana chini peke yake na Dada Hansa alinasa juu. Walisemezana kwa hedifoni, na mara nyingi walitukanana kwa upendo.

Kwa nini stoo? Kwa sababu kitambaa kinameza sauti. Chumba kilichojaa majora mpaka darini hakina mwangwi hata kidogo, na hali hiyo watu wenye uwezo walikuwa wanailipia studio. Tatizo ni kwamba zile kuta zilikuwa zinauzwa. Biashara ya mama ikichangamka, majora yanaondoka, na Mjomba anaanza kusikika kama mtu anayeimba bafuni. Kwa hiyo sisi mashabiki wa kweli wa Stoo tuna namna yetu ya kusikiliza: tunasikiliza mzigo. Wimbo wa kabla ya Ramadhani ni mkavu, neno linakufikia limekatwa vizuri. Wimbo wa baada ya Idi una mwangwi, ina maana Kariakoo yote imeshavaa. Kuna mtu aliwahi kuniambia nyimbo hizo zilirekodiwa vibaya. Nilimwambia aende akasikilize za redioni.

Walirekodi Jumapili, maduka ya jumla yakiwa yamefungwa na mtaa umetulia, baada ya adhana ya adhuhuri na kabla ya ile ya alasiri. Mama siku hiyo alikuwa na shughuli zake Temeke, harusi au msiba, na Mjomba aliachiwa kazi ya kunitazama. Alinitazama kwa kunikalisha nje ya mlango wa stoo na andazi. Kazi yangu ilikuwa kutopiga kelele.

Sasa lazima niseme habari ya baba. Aliondoka nikiwa natambaa. Nilipoanza kuuliza, mama alinijibu jibu moja tu, tena bila kuinua macho kwenye kitambaa anachopima: "Baba yako yuko safari." Mtoto wa mfanyabiashara anajua safari ni nini. Kila kitu kwetu kilitoka safari. Mzigo uko safari, mzigo umekwama safari, mzigo umefika. Na ukifika unapelekwa wapi? Unaingizwa stoo, unafungiwa mlango, na watoto wanakatazwa kuugusa. Nililiweka hilo kichwani mwangu vizuri, sikumuuliza mtu tena. Nilijua baba akifika atawekwa wapi.

Jumapili moja mzigo mkubwa ulikuwa umeingia, majora yamebana mpaka mlangoni. Nilikaa na andazi langu. Kwa kawaida kupitia mlango ule nilisikia Mjomba akichana kwa madaha, akimsema shemeji wa kufikirika au akijisifia viatu ambavyo hakuwa navyo. Siku hiyo ikatoka sauti nyingine. Ilikuwa ya chini, nzito, imejifunga ndani ya nguo, inakwenda polepole kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono na kuongeza kidogo cha ziada ili mteja asinung'unike. Nilisogeza sikio.

*Mwanangu, nilikuacha ukiwa bado watambaa,*
*nikasema naenda Posta, narudi baada ya saa.*
*Posta nikaipita, na njia ikanihadaa,*
*sasa niko mbali nawe, na jina lako nalivaa.*

Andazi liliniponyoka. Sauti ikaendelea, na safari hii ikanitaja:

*Tunu, ukinikuta njiani, usinipite bila salamu,*
*sistahili kutazamwa, ila kukusikia nina hamu.*

Tunu ni mimi. Sikuwa na shaka hata chembe. Mzigo umefika.

Wala sikukimbia. Nilipanda kitandani kwa mama kwenye chumba cha uani, nikachukua gauni langu la Idi, lile lenye mikono ya puto, nikalivaa juu ya gauni nililokuwa nalo kwa sababu sikuweza kufungua vifungo. Nikanawa uso. Nikaweka andazi jipya kwenye sahani, maana mtu wa safari anakaribishwa kwa chakula. Kisha nikausukuma mlango wa stoo.

Ndani kulikuwa giza. Taa ya mle ilikuwa inaunguruma, kwa hiyo wakirekodi waliizima. Niliona tu mgongo wa mwanamume katikati ya majora. Nikafanya nilivyofundishwa, nikasimama wima na kusema kwa sauti ya shuleni: "Shikamoo baba."

Mgongo haukugeuka. Ukimya ule ninao hadi leo, na walioinunua CD ile wanao pia. Unamsikia mtu akivuta pumzi, anaiachia, anavuta tena. Kisha ile sauti nzito ikasema, "Marahaba, mwanangu."

Nikaweka sahani chini, nikafunga mlango taratibu. Mtu aliyetoka safari hasumbuliwi, anaachwa alale. Maswali yangu yote yangengoja aamke. Baadaye Mjomba alitoka akiwa anajifuta uso kwa kipande cha kitenge, na mimi nikamhurumia, nikadhani naye ameonana na shemeji yake baada ya miaka mingi. Sikumwambia kitu. Kwa siku kadhaa niliishi na furaha yangu peke yangu, nikipita karibu na mlango wa stoo kwa ncha za vidole.

Kumbe huko juu Dada Hansa alikuwa amenasa kila kitu. Alinisimulia nilipokuwa mkubwa: Mjomba alipanda ngazi mbio akataka sehemu ile ifutwe, na yeye akaifunika kompyuta kwa mikono. "Sefu, usiguse. Nakwambia usiguse!" Wakabishana mpaka bibi akaja kuuliza nani amekufa. Mwishowe wakakubaliana waupeleke wimbo kwanza Gerezani, ule mtaa wa magereji jirani na kwetu.

Huo ulikuwa utaratibu wao, na mimi naupenda kuliko tuzo zozote. Stoo hawakutoa wimbo kabla haujapita Gerezani. Waliupeleka kwenye gereji ya kunyoosha mabodi, wakauweka kwenye redio ya gari lililopandishwa juu ya mawe, wakakaa pembeni bila kusema. Mafundi wakiendelea kugonga nyundo, wimbo unarudi stoo. Hakuna kuuliza maoni wala kujieleza. Siku hiyo, alivyonisimulia Dada Hansa, nyundo zilianza kupungua kwenye ubeti wa kwanza. Ilipofika "Shikamoo baba", gereji nzima ilikuwa kimya, na fundi mmoja mwenye kofia ya kuchomelea hakuivua mpaka wimbo ulipokwisha, akabaki amesimama na uso wake ndani.

Lakini Mjomba hakuuza hata nakala moja. Alisema, "Hii ni stoo ya dada. Akikataa, nafuta." Na walijua atakataa. Mama alikuwa anauita muziki wao uhuni, tena alikuwa ameapa kwamba jina la baba halitatajwa dukani kwake.

Walimfuata jioni moja wakati wa kufunga, mimi nikiwa nimekaa juu ya kaunta. Dada Hansa alishuka na hedifoni na kimashine kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Hansa. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Mama, sikiliza kitu hiki mara moja tu. Halafu ukisema basi, basi."

Mama alizivaa hedifoni juu ya mtandio, mita yake ya kupimia bado iko mkononi. Mimi sikusikia kitu, niliuona uso wake tu. Nikafikiri anaongea na baba, kwamba ile ndiyo simu ya kuzungumza na watu walio stoo. Nilimwona akikunja uso, kisha akinitazama mimi, kisha akiuma mdomo wa chini. Akazivua hedifoni akazilaza juu ya kitambaa kwa uangalifu mkubwa, na hapo nikajua amekasirika, maana mama akikasirika anakuwa na adabu.

"Seif," akasema. "Huyu mtu hajawahi hata kutuma salamu. Hata salamu! Leo wewe unampa maneno mazuri namna hii, unamvalisha kama bwana harusi. Mwanangu akiyasikia, si ataanza kumngoja?"

"Dada, mimi sikumsemea yeye. Nilikuwa namsemea Tunu. Nilitaka asikie mtu anamtaka."

"Kwa sauti ya mwongo?"

Mjomba akainamia kaunta, akaanza kukunja kitambaa.

"Wewe kesho utapanda basi urudi Lindi," mama akasema. "Na huo waya utolewe ukutani kwangu."

Nilishuka kwenye kaunta. Nilimvuta mama khanga ili nimtulize, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, usimfukuze Mjomba. Baba mimi nimeshamwamkia. Yuko stoo, amelala."

Dada Hansa aliziba mdomo kwa mkono. Mama alinitazama, hasira yote imemtoka, na badala yake kikaja kitu ambacho sikukijua. Akanishika mkono akanipeleka stoo, akawasha ile taa inayounguruma. Akamwambia Mjomba, "Toa majora."

"Yapi, dada?"

"Yote."

Mjomba akaanza kutoa, Dada Hansa akamsaidia. Jora baada ya jora likapita mbele yangu: la maua, la ndege, la duara za njano. Duka likajaa hadi kizingitini. Mimi nilisimama nikiwa nimeshikwa mkono na mama, nikingoja baba aonekane, kwanza nyuma ya safu ya mbele, halafu ya katikati, halafu ya mwisho. Kisha nikauona ukuta wa nyuma. Ulikuwa mtupu, na chini yake kulikuwa na ile sahani niliyomwekea andazi, safi kabisa.

Nililia kilio ambacho sijalia tena. Mama hakuniambia ninyamaze. Nilipoweza kuongea niliuliza, "Basi nani aliniitikia?"

Mama akaelekeza kidevu chake kwa Mjomba. Mjomba akachuchumaa mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniamkia," akasema.

Na andazi nani alikula? Nikamuuliza hilo pia. Alikiri, na kwamba sahani aliificha huko nyuma. Dada Hansa akacheka huku analia, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa.

Mama alikaa juu ya rundo la majora. Chumba kitupu kilikuwa kinaurudisha kila mlio, hata pumzi zetu. Akazungusha ile mita mkononi, kisha akasema bila kumtazama mdogo wake: "Seif, mtu akikuamkia ukaitikia, umempokea. Mtoto huyu umemwitikia. Basi usije ukawa umemwitikia kwenye wimbo tu."

"Sawa, dada."

"Sitaki sawa ya mdomoni."

"Nimekuelewa, dada."

"Rudisheni mzigo ndani. Huo wimbo wenu utoeni. Na mtoto asikatwe."

Hivyo ndivyo wimbo ulivyotoka. Waliuuza mkononi pale Mnazi Mmoja kwa watu waliokuwa wanakatiza kwenda mjini, na kwa mafundi wa Gerezani, na kwa vijana wa mitaani kwetu. Redio hazikuugusa. Lakini kwa mwaka ule na miaka iliyofuata sikuweza kukatiza mitaa ya Kariakoo bila mbeba mizigo mmoja kunipigia kelele, "Marahaba, mwanangu!" hata kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa maarufu kuliko Mjomba mwenyewe. Nilijivuna, sitaficha.

Na Mjomba aliitikia. Vikao vya wazazi shuleni aliketi yeye, magoti yakigusa kidevu kwenye kile kiti cha mtoto. Nilipougua alinibeba mgongoni, akinichania polepole mistari ya kipuuzi mpaka nisinzie. Mimi niliendelea kumwita Mjomba, kwa sababu ndiye mjomba wangu, na kwa sababu ile "baba" niliyoitoa mlangoni ilikuwa imenichoma. Sikuirudia.

Kuna jambo jingine nililoliona bila kulielewa. Safu ya nyuma kabisa ya stoo ilikuwa ya kitenge cha kahawia chenye michoro ya pangaboi, zile feni za darini, kitenge kibaya kwa kweli, na mama hakukiuza. Idi zikaja zikapita, safu nyingine zote zikaisha na kujazwa tena, ile ya pangaboi ikabaki. Tukimuuliza alisema haiuziki. Siku moja mteja kutoka nchi ya Kongo aliitaka yote, akaisifia, na nilimsikia mama kwa masikio yangu akimwambia, "Hiyo ina mwenyewe." Nikadhani ameshindwa biashara. Sikilizeni nyimbo za mwisho za Stoo, zile za baada ya Idi. Hazina mwangwi.

Kundi lilikufa kama makundi mengi yanavyokufa, bila tangazo. Dada Hansa alipata kazi ya sauti kwenye matangazo ya televisheni, kisha akaolewa Arusha. Mjomba akafungua kibanda cha vipuri Gerezani, pale mabasi ya mwendokasi yanapopita sasa, na anajua kila nati inatoka gari gani. Mafundi wazee bado wanamwita Sefu. Vijana wanaomnunulia hawajui kwamba wanaongea na mtu aliyezinyamazisha nyundo.

Nilipoolewa, shehe alisema lazima baba atafutwe, ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Akapatikana mbali huko, kwa simu, spika ikafunguliwa mbele za watu. Nilikuwa chumba cha pili na wanawake. Nikasogeza sikio. Ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, ya mtu aliyekatizwa shughuli zake. Alitoa idhini, akauliza kama kuna kingine, akakata. Nikawaza tu: siye huyu. Dirishani nilimwona Mjomba amekaa mkekani nyuma kabisa, na kanzu yake mpya, anatazama viatu vya watu.

Juzi, basi, tulitoa mzigo. Mjomba alikuja kutoka Gerezani na mikono yake ya grisi, akavua shati, akaanza kubeba kama zamani, ingawa sasa anapumzika kila baada ya jora moja. Safu ya mwisho ilikuwa ya pangaboi, imefifia, ina vumbi. Mama alisema hiyo isipelekwe kwa mnunuzi, ipelekwe nyumbani kwa Seif. Mjomba alitaka kuuliza jambo, akamtazama dada yake, akaacha. Akaibeba mwenyewe yote.

Hiyo ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kuuona ule ukuta wa nyuma. Mjomba alirudi akasimama katikati ya stoo tupu, amenipa mgongo, akapiga kofi moja kama alivyofanya zamani akipima chumba. Kofi likarudi kutoka pande zote. "Sasa haifai tena," akasema, na sauti yake nayo ikarudi, imezeeka.

Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu palepale. Harufu ilikuwa bado ipo. Nikasimama wima.

"Shikamoo baba," nikasema.

Mgongo haukugeuka. Niliyaona mabega yakipanda, yakishuka, yakipanda tena. Chumba kilishika neno langu kikalizungusha mpaka likaisha. Nje, mama aliacha kufunga kamba za mzigo.

"Seif," akasema, taratibu. "Umeamkiwa."